Kwa nini sheria ya mazingira iliweza kuzuia nyumba California, na sasa imebadilika nini?

Je, wajua kelele za wanafunzi ziliwahi kuhesabiwa mahakamani kama madhara kwa mazingira? Ilitokea Berkeley, chuo kikuu kilitaka kujenga hosteli ya wanafunzi kama 1,100 pale kwenye bustani ya People's Park, majirani wakaenda mahakamani, na 2023 mahakama ya rufaa ikasema chuo kilitakiwa kupima na kelele za hao vijana. Bunge la jimbo likabadilisha sheria mwaka huohuo, 2024 Mahakama ya Juu ya California ikaruhusu ujenzi.

Sheria yenyewe ni CEQA, sheria ya mazingira ya California inayotaka tathmini ya madhara ya mradi ifanyike kabla haujaidhinishwa, gavana Ronald Reagan aliisaini 1970, na wengi walijua inahusu miradi ya serikali tu. Kumbe 1972, kwenye kesi ya mradi wa nyumba huko Mammoth, mahakama ikasema hata mradi wa mtu binafsi unaguswa kama unasubiri kibali cha serikali. Hapo ndo makazi yakaingia. Yaani jirani asiyetaka ghorofa anafungua kesi kwamba tathmini haijatosha, kesi inakaa, riba ya benki inaendelea kuhesabu, na mwenye mradi anapunguza nyumba au anaacha kabisa hata kabla ya hukumu.

Sasa tarehe 30 Juni 2025 gavana Gavin Newsom akasaini sheria mbili mpya, AB 130 na SB 131. AB 130 inasamehe tathmini kwa nyumba zinazojengwa ndani ya miji, kiwanja kisizidi ekari 20 kwa kawaida, ila lazima mradi ufuate mpango wa mji na kanuni za matumizi ya ardhi, na makabila ya wenyeji wa asili yashirikishwe. Mi naona hii ni sawa kabisa, ukizuia nyumba katikati ya mji watu wanahamia mbali na kuendesha magari kila siku, mazingira hayajapona hapo. Kinachonikera ni SB 131 kusamehe na viwanda vya teknolojia ya juu, moshi na kemikali si sawa na vyumba vya kulala.

Kwa halmashauri mabadiliko ni makubwa, maana mradi ukishatimiza masharti hayo ya AB 130, tathmini haiwezi tena kutumika kuukwamisha, kwa hiyo mvutano wote unahamia kwenye kuandika mpango wenyewe. Na SB 131 inasamehe hata kubadilisha matumizi ya ardhi ili kutimiza mpango wa makazi wa mji, so mkazi mwenye hoja ya maji, barabara au miti aipeleke mpango ukiwa bado unajadiliwa, akisubiri mashine zifike kiwanjani amechelewa.