Kwa nini tunaweka sifuri kwanza ndipo tutafute x?

Je, wajua kwa nini mwalimu hukazania uhamishe kila kitu upande mmoja, ubakize sifuri upande wa pili, ndipo utafute grafu inakata wapi mhimili wa x? Kwa miaka nilidhani ni unadhifu wa daftari tu. Nikikutana na (x − 2)(x − 5) = 4, niliandika x − 2 = 4 au x − 5 = 4, nikapata 6 na 9.

Pima. Ukiweka 6, unapata 4 × 1 = 4, sawa kabisa. Ukiweka 9, unapata 7 × 4 = 28. Hiyo 6 ndiyo iliyonichelewesha kugutuka, kwa sababu jibu la kubahatisha lina sura ileile ya jibu la haki. Nilidhani zao (jibu la kuzidisha) likiwa 4, basi mabano mamoja lazima yawe 4. Kumbe 4 huzaliwa pia na 2 × 2, na 8 × ½, hata −1 × −4. Jozi zake hazina mwisho.

Sifuri haiko hivyo. Chukua bomba lenye koki mbili zinazofuatana. Maji yakichuruzika mwishoni, huwezi kujua kila koki imefunguliwa kiasi gani: pengine ya kwanza iko wazi na ya pili imebanwa, pengine zote ziko nusu. Lakini tangi limejaa na halitoki hata tone? Angalau koki moja imefungwa. Mabano yetu mawili ndiyo koki hizo: zao likiwa sifuri, angalau mabano mamoja ni sifuri.

Basi zidisha mabano: x² − 7x + 10 = 4. Toa 4 pande zote: x² − 7x + 6 = 0, yaani (x − 1)(x − 6) = 0. Majibu ni 1 na 6. Kwenye grafu umeishusha parabola (mkunjo wa y = x² − 7x + 10) hatua 4, na pale ilipokuwa na kimo cha 4 sasa ndipo inapokata mhimili. (Parabola nyingine, kama y = x² + 1, haziukati kabisa.)

Mwanahisabati Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, hakupitia sifuri. Mfano wake maarufu, ambao leo tungeuandika x² + 10x = 39, aliutatua kwa kukamilisha mraba, yaani kuongeza 25 pande zote ili upande wa kushoto uwe (x + 5)², akapata 3; jibu la pili, −13, halikuhesabiwa kwa kuwa ni hasi.

Kanuni ya koki inashika kwa namba tulizozoea. Kwenye hesabu za saa, ambako 12 ni sawa na sifuri, 3 × 4 hutoa sifuri ingawa hakuna kati yake iliyo sifuri. Huko, x(x − 1) = 0 ina majibu manne: 0, 1, 4 na 9.