Tangazo la Simuni Lina Mwenyewe: Mnunuzi Ahifadhi Nini Kabla ya Kulipa

Kila Ramadhani inapokaribia, malalamiko ya manunuzi ya mtandaoni huongezeka mezani kwetu, sisi wa ofisi inayopokea malalamiko ya watumiaji hapa Zanzibar. Magauni ya watoto yamelipiwa na hayakufika. Mapazia yamefika, lakini ni kitambaa chengine kabisa. Simu "mpya" imekwisha kutumiwa. Nafasi ya umra imeuzwa kwa bei ambayo haitoshi hata tiketi ya ndege. Kwa sababu hiyo tumeona tuandike kwa urefu yale tunayoyaeleza kwa ufupi katika mikutano ya shehia. Makala hii haizungumzii shauri lolote lililoko mbele ya vyombo vya sheria na haimlengi mfanyabiashara yeyote. Wengi wanaouza kwa simu Unguja na Pemba ni watu waaminifu, na sisi wenyewe tunanunua kwao.

Swali tunaloulizwa sana ni hili: vipi mtu mzima mwenye akili zake, ambaye tangazo la redioni likianza anaondoka kwenda kuweka chai, anatuma laki mbili kwa mtu asiyemjua kwa sababu ya picha aliyoiona kwenye stetasi? Wengine hujibu kwamba ni tamaa au kutokusoma. Hatukubaliani nao. Wanaofika ofisini kwetu ni walimu wa skuli, wauguzi, hata maofisa wa serikali. Jibu letu ni kwamba mtu yule hakuona tangazo. Aliona neno la shoga yake.

Tangazo la redio hujitambulisha. Muziki hubadilika, sauti hubadilika, na msikilizaji anajua kwamba hapa mtu kalipa. Nyuma yake ipo karatasi: aliyelileta amejaza fomu, ameacha jina na namba, amekatiwa risiti. Hata gari la spika linalozunguka mitaani lina namba za usajili mbele na nyuma. Visiwa hivi vina redio tangu 1951, ilipoanza Sauti ya Unguja, na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walisubiri mpaka 1994. Tumelelewa na matangazo, na tumejifunza kuyatilia shaka.

Sisemi kwamba redio haikumdanganya mtu. Waganga wenye dawa ya kila maradhi walinunua vipindi vizima muda mrefu kabla simu za kupangusa hazijafika Konde. Lakini kituo kilikuwepo, mlango wake unajulikana, na Tume ya Utangazaji ilikuwa na mtu wa kumuuliza.

Nguvu ya neno la mtu wa karibu nayo haikuletwa na simu. Mwaka 1940 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wapiga kura wa wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, wakati wa kampeni ya urais. Walitarajia kuona redio na magazeti yakiwageuza watu. Walichokikuta ni kwamba wengi walivutwa zaidi na mazungumzo na jamaa na marafiki, hasa wale wachache wanaofuatilia habari kisha wakawapelekea wenzao. Kwetu mtu huyo yuko barazani tangu zamani. Akisema sukari itapanda, watu wanakwenda dukani. Mitandao imemuuzia mfanyabiashara nafasi ya kukaa baraza hiyo, tena kwenye mkeka wa mbele, bila ya wengine kujua kwamba kalipia.

Tunavyoliona jambo hili likifanyika ni hivi. Muuzaji anampa dada mmoja wa Jang'ombe picha za bidhaa na kumuahidi chake kwa kila mteja atakayemleta. Dada anaweka picha kwenye stetasi yake, bila kusema kwamba analipwa. Shoga zake wanazichukua na kuziweka kwao. Ikifika Chake Chake, picha imepita mikono minne, na kila mkono umeiongezea imani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekishika kitambaa. Mnunuzi akiuliza, anajibiwa "huyu ni mtu wa uhakika," na ukiufuata uhakika huo unarudi kwenye picha ile ile. Juu yake huwekwa skrinshoti za shukurani: "Asante dada, mzigo nimepokea, Mungu akubariki." Mtu mwenye laini mbili anaweza kujitumia shukurani kama hizo kumi kabla ya adhana ya alasiri. Na wafuasi pia hununuliwa. Mtu kuwa na wafuasi elfu hamsini hakukwambii kama ana duka.

Kuna jambo jengine ambalo wananchi hawalitilii maanani, na kwetu sisi ndilo zito zaidi. Ukurasa wa gazeti la Zanzibar Leo ni ule ule Mkoani na Mkokotoni. Tangazo likiwa la uongo, nasi tumelisoma. Tangazo la Instagram au TikTok humtafuta mtu kwa umri wake, mahali alipo na vitu alivyovitazama jana. Mama mjamzito anaoneshwa dawa, kijana anaoneshwa ajira ya hoteli Nungwi, na afisa anayetakiwa kuyasimamia haoneshwi chochote. Stetasi nayo hufutika baada ya saa 24. Kwa hiyo mtu anaposema "serikali imeyaona na imenyamaza," tunamuomba atufahamu: hatukuyaona. Tunayaona pale tu wewe unapotuletea.

Mtu maarufu anaweza kupotosha kwa jambo dogo sana. Mwaka 2015 Kim Kardashian, akiwa mjamzito, aliisifu kwenye Instagram dawa ya Diclegis inayotuliza kichefuchefu cha mimba. Dawa yenyewe ilikuwa halali, yenye kibali. Kosa lilikuwa kwamba aliitaja faida yake bila ya kutaja hatari zake, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikamuandikia barua ya onyo mtengenezaji. Tangazo likaondolewa na jengine la kulisahihisha likawekwa. Mwaka 2022 mwanamke huyo huyo alikubali kulipa dola milioni 1.26 kwa kuitangaza sarafu ya kidijitali bila ya kusema kwamba alilipwa dola 250,000 kuitangaza. Kwa hiyo watakaotwambia kwamba udhibiti wa matangazo ya mtandaoni ni jambo la nchi zetu tu, jibu lao ni hilo.

Kwa upande wetu, bidhaa inayotutia hofu zaidi ni krimu za kung'arisha ngozi. Chini ya Mkataba wa Minamata, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, mwisho wa kutengeneza na kuingiza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni uliwekwa kuwa mwaka 2020, na sababu inaeleweka: zebaki hupita kwenye ngozi na kuharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto. Hata hivyo krimu zisizo na lebo, zilizopakuliwa kwenye vikopo vyeupe, bado zinauzwa kwa picha mbili, ya "kabla" na ya "baada". Redio isingeweza kuonesha picha hizo, na gazeti lingeuliza ni za nani. Kama lebo ipo na umeona "calomel", "mercurio" au "mercury", hiyo ni zebaki. Kama lebo haipo, usinunue. Hapo hatuna ushauri mwengine.

Kuhusu habari zinazosambazwa mitandaoni nitasema machache, kwani wapo wanaohusika zaidi. Watafiti wa chuo cha MIT walizifuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambaa kwenye Twitter kati ya 2006 na 2017, na utafiti wao ulitoka 2018. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko ya kweli, na waliofanya hivyo walikuwa watu, si mashine, kwa sababu uongo ulikuwa mpya na wa kushangaza. WhatsApp yenyewe ilipunguza usambazaji mpaka watu au makundi matano kwa mara moja mwaka 2019, na mwaka uliofuata, kwa ujumbe uliokwisha kuzunguka sana, mpaka mtu au kundi moja. Mwenye programu ameona haja ya kukupunguza kasi. Wewe bado unaandika "kama ulivyopokea" juu ya ujumbe na kuamini umejitoa.

Hapa ndipo penye dhana tunayokutana nayo kila siku, kwamba mtandaoni hakuna sheria. Ipo, na zipo zaidi ya moja. Sheria ya Zanzibar ya Ushindani Halali na Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2018 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma, na katazo hilo haliulizi kama umeyatoa dukani Darajani, redioni au kwenye stetasi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ni ya Muungano na inatumika huku kama inavyotumika Bara. Chini ya sheria hiyo, udanganyifu kwa kutumia kompyuta, ambayo kwa maana ya sheria ni pamoja na simu yako, adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Kujifanya mtu mwengine, kwa mfano kufungua ukurasa kwa jina na nembo ya duka la mwenzako au ya kituo cha utangazaji, faini yake haipungui milioni tano au mara tatu ya faida iliyopatikana, kitakachokuwa kikubwa, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote. Kuchapisha taarifa unayojua kuwa ni ya uongo, kwa nia ya kumchafua mtu, kumtisha au kuupotosha umma, ni faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Msomaji atazame neno "isiyopungua". Hakimu hawezi kwenda chini ya hapo kwa sababu tu ulikuwa unatania kwenye kundi la familia.

Anayepokea ujumbe na kuupeleka mbele bila kujua kwamba ni uongo yuko katika hali tofauti na aliyeutunga, na si kazi yetu kumtisha kila mtu. Lakini anayelipwa kwa kila mteja anayemleta asituambie kwamba "nimeposti tu."

Sasa utaratibu, na tunaomba usomwe taratibu, kwa sababu malalamiko mengi huanguka hapa.

Kabla ya kulipa, uliza bei hadharani. Anayeandika "bei njoo inboksi" huenda hana baya, ila bei aliyokwambia wewe na aliyomwambia jirani hakuna wa kuzilinganisha. Muulize duka liko wapi, kisha mtume mtu akalitazame. Unguja si kubwa kiasi hicho. Omba picha ya bidhaa ikiwa na tarehe ya leo imeandikwa kwenye karatasi pembeni. Piga skrinshoti ya tangazo lenyewe, na siyo ya mazungumzo peke yake, kwa kuwa tangazo ndilo lenye ahadi na ndilo linalofutika kwanza. Skrinshoti ioneshe jina la ukurasa, namba na saa. Unapotuma fedha, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Kama muuzaji ni Bi fulani na jina lililotokea ni la mwanamme usiyemjua, simama hapo.

Ukishatapeliwa, fanya mambo kwa mpangilio huu. Kwanza piga simu huduma kwa wateja ya kampuni ya simu, saa ile ile, kwani fedha ambayo haijatolewa kuna uwezekano wa kuizuia, na ikishatolewa mazungumzo ni mengine. Pili peleka namba ya tapeli kwenye 15040, iliyowekwa kupokea taarifa za utapeli wa simu. Tatu nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukachukue namba ya taarifa. Nne ndipo uje kwetu na barua yenye jina lako, shehia yako, tarehe, kiasi, namba ya muamala na maelezo ya kile ulichoahidiwa. Usitupigie hadithi ya maisha ya muuzaji. Tunahitaji alichoahidi na alicholeta. Tutamuita, tutawasikiliza nyote wawili, na mengi humalizika kwa kurudishiana. Yenye dalili za jinai tunayapeleka panapohusika.

Wakati huo wote usiifute simu, usimzuie muuzaji, na usimtukane, maana matusi yako nayo tutayakuta kwenye ushahidi na atayatumia. Usiweke picha yake mtandaoni ukimwita mwizi kabla ya kuthibitika. Tumeshampokea mlalamikaji aliyeingia ofisini akiwa na haki yake na kutoka akiwa mshitakiwa mtarajiwa. Piga pia *106# uone kama kuna namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako usizozijua, kwa sababu matapeli huzitumia laini za aina hiyo na polisi huanza kumtafuta mwenye jina.

Kwa wenzetu wa Pemba: mzigo ulioletwa kwa boti hufunguliwa mbele ya shahidi, na video ya kuufungua huanza kabla ya utepe kukatwa. Risiti ya mzigo ihifadhiwe hata kama ni kipande kidogo kilichofifia. Kipige picha siku ile ile, kwa sababu wino wake haudumu. Risiti hiyo ina tarehe, ina jina la aliyepeleka mzigo bandarini, na mara nyingi ndiyo karatasi pekee katika biashara nzima iliyoandikwa na mtu asiyekuwa muuzaji wala mnunuzi.