Nani Alilipia Manowari za Japani?

Mwanzoni mwa mwaka 1905 kundi kubwa la manowari za Urusi lilitia nanga Nosy Be, kaskazini-magharibi mwa Madagascar, likakaa huko zaidi ya miezi miwili huku mabaharia wakichoshwa na joto na maradhi. Lilikuwa limetoka Bahari ya Baltiki kwenda kupigana na Japani. Tarehe 27 na 28 Mei lilikutana na Admeri Togo Heihachiro wa Japani katika mlango-bahari wa Tsushima, kati ya Japani na Korea, likasambaratishwa. Japani ilipoteza boti tatu za torpedo, basi.

Nafundisha historia ya Asia Mashariki, na najua wanafunzi wanavyopenda kubaki hapo kwa Togo. Mimi huwarudisha nyuma kwa waliolipa. Mikasa, manowari ambayo Togo aliongoza vita akiwa ndani yake, iliundwa Uingereza, na Waingereza hawakuitoa bure.

Mikataba ya mwaka 1858 iliinyang'anya Japani mamlaka ya kujipangia ushuru wa forodha. Serikali mpya ya mfalme Meiji ilipoingia mwaka 1868, ilikuta hazina tupu na bandari zisizoweza kuijaza. Akabaki mkulima.

Zamani mkulima alilipa kwa mchele, sehemu ya mavuno yake. Mwaka 1873 sheria ikabadilika: kila shamba likapewa hati yenye jina la mwenyewe na thamani ya ardhi, na mwenye hati akatakiwa kulipa asilimia 3 ya thamani hiyo kila mwaka, kwa pesa taslimu, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa mara ya kwanza serikali ilijua mapema itapata kiasi gani. Mwaka huohuo ikaleta sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima, kwa hiyo nyumba moja ilitoa pesa na ikatoa mtoto. Wakulima waliinuka mwaka 1876, na Januari 1877 kodi ikashushwa hadi asilimia 2.5. Naamini serikali ilifanya hivyo kwa hofu, maana samurai, wapiganaji wa tabaka la zamani, wa Satsuma kusini mwa Japani nao walikuwa wakichemka. Wiki chache baadaye waliasi chini ya Saigo Takamori, na kufikia Septemba jeshi lililojaa watoto wa wakulima lilikuwa limewashinda.

Upande wa pili kulikuwa na hariri. Kiwanda cha Tomioka, mkoani Gunma, kilifunguliwa mwaka 1872 kikiwa na mabeseni 300 na wataalamu wa Kifaransa. Binti alikaa mbele ya beseni la maji ya moto lenye vifukofuko vya viwavi, akatafuta ncha ya uzi mwembamba kuliko unywele, akaunganisha nyuzi kadhaa kuwa moja bila kuukata. Mwanzoni wazazi waligoma kuwatoa mabinti zao. Uvumi ulisema wageni wale wanakunywa damu, kumbe ni mvinyo mwekundu. Meneja, Odaka Atsutada, akamwandikisha binti yake mwenyewe. Viwanda vya binafsi vilivyofuata vilikuwa vikali zaidi, siku ya kazi ikiwa ndefu na ujira mdogo. Uzi wao uliuzwa nje, na fedha za kigeni zilizopatikana zikanunua mashine na silaha.

Vita dhidi ya China, 1894 hadi 1895, viliipa Japani Taiwan na fidia ya tael (kipimo cha uzito cha Kichina) milioni 200 za madini ya fedha, nyingi zikaingia jeshini. Vita dhidi ya Urusi havikulipa hivyo. Viliendeshwa kwa mikopo ya London na New York, na mkataba wa amani wa Portsmouth uliovimaliza haukuleta fidia yoyote. Tarehe 5 Septemba 1905 umati wenye hasira ulikusanyika Hibiya, Tokyo, ukachoma vituo vya polisi hadi ikatangazwa sheria ya kijeshi.

Bei kubwa zaidi ilimwangukia jirani. Novemba 1905 Korea ililazimishwa kuwa chini ya ulinzi wa Japani, na mwaka 1910 ikamezwa kabisa. Utawala mpya ukaanza mara moja kupima na kuandikisha mashamba ya Wakorea, kazi iliyoendelea hadi 1918, ili nao walipe kodi ya ardhi.