Elimu kwa umma: Ndege za rada, ulinzi wa mipaka, na vibali vya anga mnavyovilalamikia

Tangu kampeni ya kukumbushana vibali vya droni na mpango wa safari kwa ndege ndogo ianze, sisi wa upande wa usafiri wa anga tumepokea malalamiko mengi sana, na karibu kila anayelalamika anamalizia na swali lilelile, kwanini serikali isinunue ndege moja ya rada, ile yenye sinia kubwa mgongoni, ikawa inazunguka huko juu inaona kila kitu, halafu wananchi tukaachwa tupumue? Swali zuri na naamini linaulizwa kwa nia njema, ngoja nilijibu vizuri mara moja. Nitaongelea mambo ya usafiri wa anga tu, vifaa vya jeshi vina wenyewe na mimi sio msemaji wao.

Kwanza hizo ndege zina kazi kweli, sibishi. Rada ya ardhini hata iwe ya kisasa vipi inakatwa na mviringo wa dunia. Antena ikiwa mita 20 juu ya ardhi na ndege inakuja chini chini kwenye mita 100, utaiona ikiwa imebakiza kama kilomita 60 tu, na hapo nimekupa tambarare, hakuna mlima wala kilima. Ukiipandisha rada mpaka mita 9,000 upeo unasogea mpaka zaidi ya kilomita 400 kwa ndege ileile. Waingereza walilipia somo hili kwenye vita vya visiwa vya Falklands, Mei 4, 1982, meli yao HMS Sheffield ilipigwa na kombora la Exocet kutoka ndege za Argentina zilizokuja zikilamba mawimbi, na kundi lao la meli halikuwa na rada hata moja ya angani. Wakafunga rada kwenye helikopta za Sea King mbiombio, kazi ya wiki 11, lakini zinafika kule vita imeshaisha.

Sasa hela. Falme za Kiarabu walipoongeza ndege mbili za rada za GlobalEye kutoka kampuni ya Saab, mkataba ulikuwa dola bilioni 1.018, yaani zaidi ya shilingi trilioni mbili za Tanzania, ndege mbili hizo. Sisi rada zetu nne za kuongozea ndege za kiraia, Dar es Salaam, Kilimanjaro (KIA), Mwanza na Songwe, mkataba wake ulikuwa shilingi bilioni 67.3. Halafu ndege haikai juu kama minara ya simu, ile E-3 ya Wamarekani bila kuongezewa mafuta angani inakaa kama masaa nane, inashuka. Ukitaka moja iwe juu usiku na mchana unaongelea ndege tatu nne, marubani, mafundi, vipuri. Anayeandika "tununue hata moja tu" anisaidie, hiyo moja ikiwa bandani kwa mafundi, mpaka nani analinda. Wamarekani wenyewe mpaka wao na Mexico wameweka maputo makubwa yaliyofungwa kwa waya, yamebeba rada kilomita kadhaa juu, kwasababu ni nafuu kuliko kurusha ndege kila siku.

Ila hela sio hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni kwamba kuona kitu na kukijua ni kazi mbili tofauti, na hii ya pili ndo inayotushinda watu wote duniani. Aprili 14, 1994 kaskazini mwa Iraq ndege ya rada ya Marekani ilikuwa juu, wataalamu wamejaa ndani, na helikopta mbili za Black Hawk za kwao wenyewe walishaziona na walishaongea nazo. Lakini helikopta zilibaki kwenye masafa mengine ya redio, namba yao ya utambulisho kwenye rada haikuwa ya eneo lile, ndege mbili za kivita za F-15, nazo za Marekani, zikaja, marubani wakaangalia kwa macho wakadhani ni helikopta za Iraq, wakazitungua zote mbili. Watu 26 wakafa. Shida haikuwa rada!

Na kinyume chake, Mei 28, 1987, kijana Mjerumani wa miaka 18, Mathias Rust, alitoka Helsinki na kandege kadogo ka Cessna akaenda kutua Moscow karibu kabisa na Kremlin. Rada za Kisovieti zilimuona, ila wakamchanganya na ndege zao. Waziri wa ulinzi akapoteza kazi.

Tanzania tunapakana na nchi nane, tuna bahari, tuna maziwa matatu makubwa yenye mpaka katikati ya maji. Mtumbwi wa mbao usiku Ziwa Tanganyika hauakisi rada vizuri, na ukiuona bado unahitaji boti ya kuufuata na mtu wa kuuliza "nyie nani". Ndo maana tunang'ang'ania makaratasi.

Rada inayotegemewa sana kwenye kuongoza ndege za kiraia inauliza, na transponda, kifaa kilichomo ndani ya ndege, inajibu kwa namba, usipoiwasha hujajibu. Mpango wa safari unawasilishwa angalau dakika 60 kabla ya kuruka, na ukifika UNAUFUNGA, sio unaenda zako kunywa chai, maana zikipita dakika 30 ulipotakiwa kuwasiliana na hujasikika tunaingia hatua ya mashaka, kisha tahadhari, kisha dharura, na watu wanaanza kutoka kukutafuta na wewe uko hotelini. Leseni inaweza kusimamishwa au kufutwa, na kuna faini na mahakama kulingana na kosa. Namba za transponda nazikumbusha tena: 7500 kutekwa, 7600 redio imekufa, 7700 dharura.

Na hili la "ukiingia anga bila kibali unatunguliwa tu" tuliache jamani. Baada ya ndege ya abiria ya Korea kutunguliwa Septemba 1, 1983, watu 269, Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, uliongezewa kifungu cha 3 bis, nchi zijizuie kutumia silaha dhidi ya ndege ya kiraia ikiwa angani. Utaratibu ni kufuatwa. Ndege ya jeshi inakuja mbele yako kidogo, kwa kawaida kushoto, inatikisa mabawa, na wewe unatikisa mabawa unaifuata, unaita kwenye masafa ya dharura ya 121.5, unaweka 7700 isipokuwa muongoza ndege amekuambia vingine. Usikimbie, usijifanye hujaona.

Mwisho droni. Kuna hoja nimeichoka kidogo, eti "kadroni kangu ni kadogo hakaonekani kwenye rada, kibali cha nini?" Ndugu yangu, kwasababu hakaonekani ndo maana kibali ndo kitambulisho pekee kilichobaki, askari wa mpakani akiona taa inaelea juu ya kambi hana namna nyingine ya kujua ni harusi au ni kitu kingine. Unahitaji ridhaa ya upande wa ulinzi na usajili wa mamlaka ya anga, vyote viwili, kimoja hakimalizi kingine. Na kwenye maombi andika latitudo na longitudo, urefu wa juu kabisa utakaorusha, tarehe na masaa, namba ya kifaa na jina la atakayeshika rimoti siku hiyo. "Maeneo ya Namanga na jirani" tunarudisha.