Creuse si pori: majibu yangu kwa wanaokwenda Ufaransa ya vijijini

Mwanafunzi wangu mmoja alipata nafasi ya mafunzo ya ufugaji huko Creuse, katikati ya Ufaransa. Badala ya kufurahi, akaja amenuna. "Mwalimu, nimeangalia ramani. Wamenipeleka porini. Huko hakujawahi kutokea kitu." Nafundisha Kifaransa na kutafsiri hati za wasafiri, na kila msimu wa viza nasikia maneno hayohayo. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja.

"Watu wa Creuse hawajawahi kutoka kijijini"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana Creuse ina watu wachache kwa sababu watu wake walitoka. Mwaka 1851 ilikuwa na wakazi takriban 287,000. Leo ni kama 115,000 kwenye kilomita za mraba 5,565, na Guéret, mji mkuu wake, hauzidi sana watu 13,000.

Walikwenda kujenga. Udongo wa huko ni mwembamba, umelala juu ya mwamba wa graniti, na haukuweza kulisha familia kubwa. Basi kwa vizazi vingi, kila majira ya baridi yalipokwisha, maelfu ya wanaume walifunga vifurushi wakaenda Paris, Lyon na miji mingine kufanya kazi ya uashi, wakarudi baridi ilipokaribia tena. Wanawake ndio waliobaki na jembe, mifugo, watoto, wazee na madeni. Anayesema Creuse ilikuwa imelala amewasahau hao kwanza.

Chukua mfano wa Martin Nadaud, aliyezaliwa mwaka 1815 katika kitongoji cha Soubrebost. Machi 1830, akiwa na miaka 14, alitoka nyumbani na baba yake, wakatembea kwa miguu siku kadhaa hadi Orléans, ndipo wakapanda gari la farasi kuelekea Paris. Alianza kama saidia fundi: kuchanganya plasta, kuibeba kwenye beseni la mbao, kupanda nayo ngazi, kushuka, kupanda tena. Mtu yeyote aliyesimama chini ya jengo Kariakoo akaona vijana wanavyopandisha zege kwa karai hahitaji maelezo zaidi. Usiku walilala kwenye vyumba vya kupanga vilivyojaa vitanda, watu wawili kitanda kimoja.

Asiyekuwa na kazi alikwenda alfajiri kusimama kwenye uwanja uliokuwa unaitwa Place de Grève, kando ya mto Seine, akisubiri mwajiri aje kuchagua vibarua. Wanafunzi wangu wote wanalijua neno *grève*, mgomo, kwa kuwa hawakosi kulisikia kwenye habari za Ufaransa. Limetoka hapo, kwenye uwanja wa vibarua. Na kwa muda mrefu Paris waliposema *limousin* walimaanisha mwashi, kwa kuwa waashi wengi walitoka Creuse na maeneo jirani yanayoitwa Limousin.

Nadaud alisoma usiku, kisha akawafundisha waashi wenzake chumbani kwake. Mwaka 1849 wapiga kura wa Creuse wakampeleka bungeni huyo fundi mwashi. Baada ya mapinduzi ya rais Louis-Napoléon Bonaparte ya Desemba 1851 alifukuzwa nchini, akaishi Uingereza, kwanza kwa uashi halafu kwa kufundisha Kifaransa. Akarudi, na mwaka 1870 akateuliwa kuongoza Creuse kwa niaba ya serikali, kisha akawa mbunge tena. Mwaka 1880 alipeleka mswada wa kuwalinda wafanyakazi wanaoumia kazini. Sheria ya fidia ilipita Aprili 1898, miezi michache kabla ya yeye kufa.

Reli ilipofika, safari ya siku nyingi ikawa ya saa chache. Ungedhani wangerudi nyumbani mara nyingi zaidi. Ikawa kinyume: mafundi walianza kuchukua wake na watoto na kuhamia mjini moja kwa moja. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikachukua vijana waliobaki. Ndivyo ramani ilivyobaki tupu.

"Ni Idara ya Creuse, na prefe ndiye gavana wake"

Kwenye hati naomba msiandike "idara". Idara ni sehemu ya ofisi au wizara. *Département* ni eneo la utawala, lililobuniwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Za kwanza zilikuwa 83 mwaka 1790 na Creuse ilikuwemo, leo ziko 101. Mayotte, ndugu wa Wakomoro wenzetu wa Bahari ya Hindi, iliingia mwaka 2011. Mimi naandika "departementi" na nitaendelea kuandika hivyo.

Wakenya nao hukimbilia kusema prefe ni gavana. Gavana anachaguliwa, prefe anateuliwa na serikali kuu, tangu enzi za Napoléon mwaka 1800. Mtanzania anayemjua mkuu wa mkoa ameshaelewa nusu. Nusu nyingine ni kwamba kuna baraza lililochaguliwa na wananchi, na tangu mwaka 1982 rais wa baraza hilo ndiye mtendaji wa mambo ya departementi. Kibali chako cha kuishi kiko kwa prefe. Usipeleke barua barazani.

"Millevaches maana yake ng'ombe elfu moja"

Ng'ombe wapo, wa rangi ya hudhurungi nyekundu, wazuri mno. Lakini wataalamu wa majina hawakubaliani kwamba jina la Millevaches, uwanda wa juu unaoingia Creuse, linatokana na ng'ombe, na maelezo kadhaa yanagombana. Usilitafsiri.

"Vijijini wote ni wa mrengo wa kulia"

Creuse ina mbunge mmoja tu tangu uchaguzi wa mwaka 2012. Mwaka huo alipita Msoshalisti. Mwaka 2017, mfugaji wa ng'ombe wa chama cha Rais Macron, cha mrengo wa kati. Mwaka 2022, mgombea wa mrengo wa kushoto wa Mélenchon. Mwaka 2024, mgombea wa kambi ya Ciotti, mwanasiasa wa mrengo wa kulia, iliyoungana na chama cha Le Pen cha mrengo mkali wa kulia. Chaguzi nne, kambi nne.

Ushauri wangu kwa kila anayekwenda ni uleule: soma mnara wa wafu wa vita wa kila kijiji. Ule wa kijiji cha Gentioux, Creuse, wa mwaka 1922, hauna askari anayeshangilia. Una mtoto yatima, kofia mkononi, amenyoosha ngumi kuelekea maneno haya: *Maudite soit la guerre*, yaani vita na vilaaniwe.

"Watoto wa Réunion wote walipelekwa Creuse"

Watu huamini hivyo kwa sababu ya jina walilopewa watoto hao, "watoto wa Creuse". Kati ya mwaka 1962 na 1984 serikali ya Ufaransa iliwachukua watoto wasiopungua 2,015 kutoka Réunion, kisiwa chake cha Bahari ya Hindi, ikawasambaza kwenye departementi 83. Creuse ilipokea sehemu tu, lakini jina likaganda. Lengo mojawapo lilikuwa kujaza vijiji vilivyohamwa, vilevile ambavyo waashi walikuwa wamevipa kisogo. Wapo waliofikia kituo cha watoto Guéret, kisha wakagawiwa kwa familia. Wengine wakageuzwa vibarua wa shamba, na wazazi wengi walikuwa wameahidiwa kwamba watoto watarudi likizo. Februari 2014 Bunge la Ufaransa lilipitisha azimio likikiri kwamba dola ilishindwa kutimiza wajibu wake wa kimaadili kwa watoto hao. Wakati huo watoto hao walikuwa watu wazima.