Kabla ya Kupinga Ujenzi, Jua Ardhi Hiyo ya Kijani ni ya Aina Gani

Tangazo lenyewe huwa dogo. Hukaa kwenye kurasa za ndani za gazeti, kati ya hati miliki zilizopotea na magari yanayopigwa mnada, likisema kwamba mwenye ploti nambari fulani anakusudia kubadilisha matumizi yake kutoka kilimo hadi nyumba za makaazi, na kwamba mwenye pingamizi aliwasilishe kwa kaunti kwa maandishi katika muda wa siku 14. Bango lenye maneno hayo hayo husimamishwa kwenye ploti, mara nyingine upande ambao hapiti mtu. Majirani wengi hugundua mambo siku tingatinga linapoteremshwa kutoka kwenye lori. Hapo ndipo kundi la WhatsApp la mtaa huchacha, chama cha wakaazi huitisha mkutano, na MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, hupigiwa simu hadi akaizima.

Sisi wapangaji wa miji mara nyingi huitwa wakati huo, na swali letu la kwanza huwaudhi watu: ardhi hii ni ya nani, na imesajiliwa kama nini? Jibu huwa, "Si unaona mwenyewe ni kijani?" Lakini sheria za Kenya haziilindi ardhi kwa rangi yake. Jicho linaona miti na nyasi. Sajili inaona msitu wa umma, au uwanja wa umma, au ukingo wa mto, au shamba la mtu mwenye hati yake. Kila moja ina ofisi yake na hoja zake, na pingamizi lililopelekwa mahali pasipohusika hupotea hata likiwa na sahihi elfu moja.

Msitu ndio wenye kinga nzito zaidi, na historia ya Karura inaeleza kwa nini. Karura, iliyo kaskazini mwa Nairobi, ina zaidi ya hekta 1,000 na ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kufikia 1998 vipande vyake vilikuwa vimegawiwa wastawishaji wa kibinafsi, na matayarisho ya kujenga nyumba za kifahari yalikuwa yameanza ndani kwa ndani. Wangari Maathai na wenzake wa vuguvugu la Green Belt wakaanza kwenda huko na miche. Oktoba mwaka huo vifaa vya ujenzi viliteketezwa na waandamanaji. Januari 8, 1999, walipojaribu kupanda mti, walishambuliwa na walinzi wa kukodiwa. Maathai akapasuliwa kichwa, na wabunge waliokuwa pamoja naye hawakusazwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, na Agosti 1999 Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Wengi hukumbuka damu na miche. Mpangaji hukumbuka pia kwamba Karura ilikuwa mali ya umma kwa tangazo rasmi, kwa hivyo wastawishaji ndio waliokuwa na kazi ya kueleza wameipataje. Leo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inataka ombi la kubadilisha mipaka ya msitu wa umma lipitie Bungeni. Ukisikia kipande cha msitu kinataka kumegwa kwa ajili ya nyumba, usianze na ofisi ya mipango ya kaunti. Anza na Huduma ya Misitu ya Kenya na mbunge wako, na uulize ombi liko wapi.

Kuna sura nyingine ya mapambano hayo ambayo haisimuliwi sana. Mwaka 1989 Maathai alikwenda Mahakama Kuu kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru. Kesi ilitupwa. Mahakama ilisema hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko raia mwingine yeyote. Jengo lilishindwa kwa njia nyingine, baada ya kelele kuwafikia wafadhili wa nje, lakini mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa. Katiba ya 2010 iliufungua. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inasema anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kwa hivyo mtu akikuambia "wewe hata hukai karibu na ile ploti, inakuhusu nini?", hilo si jibu la kisheria tena.

Uwanja wa umma ni kisa tofauti. Shamba kubwa linapogawanywa viwanja, mwenye shamba hutakiwa kuacha sehemu za shule, za kuchezea watoto, za zahanati. Miaka inapita, hakuna kinachojengwa, nyasi zinaota, vijana wanaweka magoli mawili ya mbao, kisha siku moja ukuta wa mabati unazuka. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyowasilisha ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya aina hii ilivyogawiwa watu binafsi kote nchini. Ushahidi hapa ni ramani ya awali ya ugawaji. Picha za watoto wakicheza mpira zinagusa moyo, ila hazithibitishi umiliki. Itafuteni ramani hiyo kaunti au kwenye ofisi za upimaji wa ardhi kule Ruaraka, kisha mpeleke nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi pamoja na malalamiko yenu.

Ukingo wa mto sitauzungumzia sana, maana mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliusemea. Kanuni zinataka nafasi isiyopungua mita 6 na isiyozidi 30 kutoka mtoni, kutegemea upana wa mto. Chukua utepe wa kupimia. Kama msingi wa jengo unaangukia ndani ya nafasi hiyo, una hoja hata kama mstawishaji ana hati miliki halali.

Kazi ngumu iko kwenye shamba la mtu, na hapa ndipo migogoro mingi ya sasa ilipo. Kaunti ya Kiambu, inayopakana na Nairobi, inajulikana kwa hilo. Mashamba ya kahawa yaliyokuwa yakilimwa tangu enzi za ukoloni yamegeuka mitaa, na Tatu City, mji mzima karibu na Ruiru, umeota juu ya mashamba ya namna hiyo. Majirani huona kama msitu wao umekatwa, ilhali mibuni ile haikuwa yao hata siku moja. Na niseme jambo lisilopendeza: wengi wanaopinga wanaishi wenyewe kwenye nyumba zilizojengwa juu ya kahawa. Runda, mtaa wa matajiri unaopakana na Karura, ilikuwa shamba la kahawa. Nchi hii imekuwa ikitaja upungufu wa nyumba milioni mbili hivi, na watu wanaozikosa lazima walale mahali. Kwa hiyo hoja ya "tunataka pabaki vile palivyo" haiwezi kusimama peke yake mbele ya ofisa wa mipango.

Hoja inayosimama ni ipi? Tazama barua mbili za mfano. Ya kwanza inasema: "Sisi wakaazi tunapinga vikali mradi huu kwa kuwa utatuletea watu wa kila aina, utashusha bei ya nyumba zetu na kuondoa utulivu." Ofisa hana la kufanya na barua hii. Bei ya nyumba yako si suala la mipango, na hayo maneno "watu wa kila aina" ni zawadi kwa wakili wa mstawishaji, atakayesema wapinzani wanachukia maskini tu.

Ya pili inasema: "Ploti iko juu ya bonde na mtaa hauna bomba la majitaka. Ombi linataja matangi ya septiki kwa nyumba 80, na visima vitatu vya majirani viko chini yake. Kalvati iliyo kwenye barabara ya kuingilia ilifurika Aprili 2024, picha zimeambatishwa. Barabara hiyo ina upana wa mita sita na ndiyo pekee. Tunaomba ombi likataliwe, au idadi ya nyumba ipunguzwe na mtaro ujengwe kabla ya nyumba ya kwanza kukaliwa." Barua hii haitaji kijani hata mara moja, lakini ndiyo inayoweza kuokoa miti, maana maji, majitaka, barabara na idadi ya nyumba ndivyo vitu ambavyo kaunti ina mamlaka navyo. Kama eneo lina mpango rasmi wa matumizi ya ardhi unaolitenga kwa kilimo, taja ukurasa. Hiyo ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote, na inashangaza jinsi watu wachache wanavyoitafuta. Pia shamba la kilimo haligawanywi bila idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi ya eneo hilo. Ulizeni kama idhini hiyo ipo.

Sasa muda. Tangazo linalotolewa chini ya Sheria ya 2019 ya Mipango na Matumizi ya Ardhi huwapa siku 14 za kuwasilisha pingamizi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kukujibu unapoomba nakala za ombi. Umeona tatizo. Usingoje nakala ndipo uandike. Wasilisha pingamizi kwa unachokijua, omba nakala siku hiyo hiyo, na uhakikishe barua yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Na usidhani kimya cha kaunti ni ushindi: mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria inachukulia kwamba ruhusa imetolewa.

Mradi mkubwa wa nyumba huhitaji pia leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Hiyo ni njia ya pili, yenye tangazo lake na muda wake, na pingamizi mlilopeleka kaunti halihesabiki huko. Katika hatua hiyo huitishwa vikao vya maoni ya umma, na hapa nina onyo. Mnafika, mnapewa soda, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, kila mtu anaandika jina, nambari ya simu na sahihi. Karatasi hiyo huambatishwa kwenye ripoti kuonyesha kwamba jamii ilishirikishwa. Si kibali chenu, lakini mtu anayeisoma kutoka ofisini Nairobi anaona majina 60 na hasikii mlichosema. Andika neno "napinga" kando ya jina lako. Kisha chama kitume kumbukumbu zake chenyewe za kikao kwa NEMA, zikieleza nani aliuliza nini na akajibiwa nini.

Uamuzi wa kaunti usipowaridhisha, rufaa huenda kwanza kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango ya ardhi, ndani ya siku 14, na baadaye Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA hupingwa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Vyama vingi hukimbilia mahakamani moja kwa moja, vikachanga pesa za wakili, halafu jaji akawarudisha kwa sababu wameruka ngazi. Wakati huo nyumba zinafika lenta.

Kuna miradi ambayo haitazuilika, na si kushindwa kuomba masharti. Ruhusa ya ujenzi huweza kubeba masharti mengi: umbali kutoka kwenye mpaka, miti mikubwa itakayoachwa, mtaro utakaotangulia, sehemu ya ploti itakayobaki wazi kwa umma na kuandikishwa hivyo kwenye ramani. Mstawishaji aliyekwisha kukopa benki mara nyingi yuko tayari kukubali mambo ambayo asingeyakubali mwanzoni, kwa sababu kila mwezi wa kesi unamgharimu riba. Mkiyapata, hakikisheni yameandikwa ndani ya ruhusa yenyewe. Ahadi ya kwenye kikao haina ofisi inayoweza kuitekeleza. Masharti yakivunjwa, kaunti ina uwezo wa kutoa ilani ya kusimamisha kazi. Nambari ya ruhusa na ya leseni ya NEMA hutakiwa kuwa kwenye bango la mradi langoni. Zipigeni picha wiki ya kwanza, kwa kuwa ofisa mtakayemwendea ataziulizia kabla ya kufungua faili.