Je, wajua? Edward wa Kwanza wa Uingereza alikuwa Edward wa nne

Mpakani mwa Uganda na Kongo kuna ziwa linaloitwa Edward. Mpelelezi Stanley alilipa jina hilo mwaka 1889 kwa heshima ya mwana wa Malkia Victoria, Albert Edward, ambaye mwaka 1901 alirithi kiti cha mama yake akatawala kwa jina la Edward wa Saba. Sasa chukua orodha ya wafalme wa Uingereza, wahesabu akina Edward mmoja mmoja mpaka umfikie huyu mwenye ziwa. Hupati saba. Unapata kumi.

Watatu waliokosekana hawakuwa watu wa kusahaulika. Wa kwanza ni mwana wa Alfred Mkuu, mfalme wa kale wa Waingereza. Alitawala kuanzia 899 hadi 924, na katika miaka hiyo akazirudisha nchi nyingi zilizokuwa mikononi mwa Waviking, wavamizi waliotoka ng'ambo ya bahari, kaskazini mwa Ulaya. Wa pili alivikwa taji mwaka 975 akiwa bado kijana, akauawa huko Corfe mwezi Machi 978, na watu wakamheshimu kama shahidi. Wa tatu ni Edward Muungamaji, aliyekaa kwenye kiti tangu 1042 hadi 1066, akajenga kanisa kubwa la Westminster, London, na mwaka 1161 akatangazwa mtakatifu. Yule ambaye vitabu vyote vinamwita Edward wa Kwanza alianza kutawala mwaka 1272, karibu miaka 350 baada ya mwana wa Alfred kuzikwa.

Ukiuliza sababu, utajibiwa kwa mwaka mmoja tu: 1066.

Mwaka huo ulikuwa mzito kweli. Muungamaji alifariki tarehe 5 Januari bila kuacha mtoto, na kesho yake Harold Godwinson, bwana mwenye nguvu kuliko wote nchini, akavikwa taji. Mwezi Septemba mfalme wa Norway, Harald Hardrada, akashuka kaskazini na meli zake. Harold akamkimbilia, akamshinda na kumuua pale Stamford Bridge tarehe 25. Hata majeraha hayajakauka, siku tatu baadaye William, mtawala wa Normandy, jimbo la kaskazini mwa Ufaransa, akatia nanga Pevensey, pwani ya kusini. Harold akageuka na jeshi lililochoka, akavuka nchi nzima, na tarehe 14 Oktoba akauawa karibu na Hastings baada ya vita vya kutwa nzima. Siku ya Krismasi William akavikwa taji Westminster. Waliokuwa ndani ya kanisa walipopaza sauti kumkubali, askari wake waliokuwa nje walidhani ni uasi, wakazitia moto nyumba za jirani.

Kilichofuata kilikuwa zaidi ya kubadilisha mfalme. William alipoagiza mashamba ya nchi yaandikwe, kazi iliyofanyika mwaka 1086 na kuzaa kitabu kinachoitwa Domesday, ilionekana kwamba Waingereza wenyewe walikuwa wamebakiwa na takriban asilimia 5 tu ya ardhi. Mabwana wapya walizungumza Kifaransa. Hata majina ya watoto yaligeuka: Leofric na Godwin yakafifia, William, Robert na Richard wakajaa kila kijiji. Tangu Muungamaji, wafalme tisa walipita na hakuna hata mmoja aliyeitwa Edward.

Kwa hiyo ni rahisi kusema kwamba washindi waliifuta hesabu ya zamani wakaanza moja. Lakini sivyo ilivyokuwa, na hapa ndipo habari hii inaponivuta zaidi. William hakutaka kabisa kuonekana mwanzo mpya. Mama yake Muungamaji, Emma, alitoka Normandy na alikuwa shangazi wa baba yake William. Na William alidai kwamba Edward alikuwa amemwahidi kiti. Ndiyo maana kitabu cha Domesday hupima mambo kwa kulinganisha na “wakati wa Mfalme Edward”: shamba hili lilikuwa la nani wakati wa Mfalme Edward, lilikuwa na thamani gani wakati wa Mfalme Edward. Aliyefutwa ni Harold. Mtu aliyevikwa taji na kufa akiitetea nchi yake, kitabu kinamtaja kama bwana wa kawaida tu.

Jina lenyewe lilirudi kwa njia ya ibada. Henry wa Tatu alimpenda mno mtakatifu Edward, na mwanawe wa kwanza alipozaliwa mwaka 1239 akampa jina hilo, jina la kizee katika masikio ya mabwana wa siku hizo. Kisha akaanza kulijenga upya kanisa la Westminster mwaka 1245, na mwaka 1269 akaihamishia mifupa ya mtakatifu kwenye kaburi jipya humo.

Siku hizo wafalme hawakubeba namba. Mtoto yule alipotawala, hati zilimwita Mfalme Edward mwana wa Mfalme Henry, kama sisi tunavyosema Ali bin Hamisi. Mwaka 1307 akarithiwa na mwanawe, naye Edward: Mfalme Edward mwana wa Mfalme Edward. Bado inaeleweka. Mwaka 1327 akaja mjukuu, Edward tena! Mtu anayetaja sheria ya Mfalme Edward sasa anamaanisha yupi? Makarani wakatafuta njia fupi, wakaandika kwa Kilatini *tertius post conquestum*, yaani “wa tatu tangu nchi ilipotekwa”. Walijua vizuri kwamba wapo akina Edward wa kale, na maneno yale yaliwekwa hapo kusudi ili wasichanganywe.

Baadaye maneno “tangu nchi ilipotekwa” yakaachwa, namba ikabaki peke yake. Kwa akina Henry na Richard hakuna kilichoharibika, kwa sababu kabla ya 1066 nchi hiyo haikuwa na mfalme mwenye majina hayo. Edward ndilo jina pekee lililopata wafalme pande zote mbili za mwaka huo, kwa hiyo akina Edward peke yao ndio walioumia. Mimi humsikitikia zaidi mwana wa Alfred. Kazi yake ndiyo iliyomfungulia njia mwanawe Athelstan kuiunganisha Uingereza chini ya mfalme mmoja, na jina lake leo wanalijua wachache.

Aliyefariki mwaka 1307 amezikwa Westminster katika kaburi la jiwe lisilo na mapambo. Katika karne ya 16 liliandikwa kwa rangi: *Edwardus Primus*, Edward wa Kwanza. Hatua chache kutoka hapo, katika sehemu ileile ya kanisa, amelala Edward Muungamaji, ambaye jina lake ndilo lililotolewa kwa huyu. Yeye hana namba.